Mzee Aliyeyajua Maji ya Ziwa Ellis

Ziwa Ellis liko mashariki mwa Mlima Kenya, juu ya Chogoria, mita zipatazo 3,450 kutoka usawa wa bahari. Halina kina kikubwa. Nyasi ndefu za mafungu zimelizunguka, na asubuhi, kabla ya mawingu kupanda, vilele vya mlima huonekana wazi upande wa magharibi. Nilifika huko mara ya kwanza mwanzoni mwa miaka ya themanini, nikiwa kijana mpagazi. Wageni tuliowabebea mizigo hawakutaka kilele. Walitaka trauti.

Wengi hudhani trauti ni wa mlima wetu tangu zama. Ewart Grogan ndiye aliyeagiza mayai ya trauti wa kahawia kutoka Scotland mwaka 1905, na miaka mitano baadaye wakaletwa trauti wa upinde wa mvua kutoka Afrika Kusini. Kila trauti aliye katika ziwa la juu, kama si yeye basi mababu zake, alipandishwa na mikono ya watu. Sisi Wameru hatukuwa na desturi ya kula samaki, na wazee wa rika la kiongozi wetu wa wapagazi hawakuwagusa kabisa. Hata hivyo, katika maisha yangu yote sijakutana na mtu aliyewafahamu trauti kumshinda mzee huyo, kiongozi wetu.

Januari ni kiangazi mlimani. Usiku anga huwa tupu, na alfajiri nyasi zimeganda jalidi. Wageni waliamka gizani, wakaenda ukingoni wakiwa wamejikunyata, wakaanza kurusha mishipi yao mbali kuelekea katikati ya ziwa. Hawakupata kitu. Mzee alikaa jikoni akikoka moto, akaniambia, "Kijana, waache. Maji ya kando saa hizi ni baridi kuliko ya katikati. Hakuna kinachotembea humo." Jua lilipopanda, mnamo saa tatu, maji ya kando yalianza kupata joto, viluwiluwi vya kerengende vikatoka kwenye majani ya chini, na trauti wakavifuata. Hapo ndipo niliposhangaa: samaki walikuwa hatua mbili tatu kutoka ukingoni, na wageni, wakiwa wamesimama wima pale pale, walikuwa wakirusha ndoana mbali, nyuma ya migongo ya samaki hao.

Ardhi ya kando ya ziwa lile ni laini, ya mboji na maji. Ukikanyaga kwa nguvu inatikisika, na trauti ana mstari ubavuni unaohisi mtikiso kabla macho hayajaona kitu. Mzee hakuwahi kuusoma mstari huo kitabuni. Alitembea kama mtu anayepita nyumba yenye mtoto aliyelala, akiwa ameinama, na kivuli chake kikianguka nyuma yake juu ya nyasi.

Jambo la pili lilikuwa upepo, na hapa wageni walishindana naye kila safari. Kufikia saa nne au saa tano upepo huamka na uso wa maji huvunjika. Mvuvi yeyote hupenda upepo uwe mgongoni, maana unambebea mshipi. Mzee aliwataka wavuke waende upande unaopigwa, wautazame upepo usoni. Mbawakavu na vidudu vya nyasini hupeperushwa ziwani, na mawimbi huvisukuma vyote hadi ufuo ule. Chakula kiko huko, na trauti wako huko. Tena maji yaliyochafuka kidogo humficha mvuvi. Kurusha kwa shida hatua chache mbele ya samaki kunafaa kuliko kurusha vizuri mahali pasipo na samaki. Bado naamini hivyo, na nimeona ikithibitika katika mabwawa mengine ya nyanda za juu.

Siku moja mgeni mmoja, mtu mpole aliyekwisha kukata tamaa, alimpa mzee ufito wake ajaribu. Mzee alikataa. "Leseni ni yako, bwana. Mimi nitakuonyesha pa kutupa." Akapanda kilima kidogo nyuma ya ukingo, akajikinga macho kwa kiganja. Kutoka juu, jua likiwa nyuma yake, aliona yale ambayo mtu wa chini hangeyaona kwa mng'aro wa maji: kivuli kirefu kikipita kando ya majani, kinakwenda, kinageuka, kinarudi njia ile ile. Trauti wa ziwani hana mkondo wa kumletea chakula, kwa hiyo hufanya doria. Mzee alimwambia mgeni apige magoti, asimfukuze samaki, atupe mbele ya njia yake, kisha aache chambo kizame.

Chambo kilikuwa Kenya Bug, inzi bandia mweusi anayejulikana sana na wavuvi wetu. Mgeni alitupa, akangoja. Mzee, kwa sauti ya chini: "Bado. Bado. Sasa vuta, polepole." Mshipi ukakazika. Samaki aliruka juu ya maji, utepe wa waridi ubavuni ukimeremeta, na mimi nikapiga ukelele, nikakemewa kwa jicho tu.

Adhuhuri mawingu yalipanda kutoka Chogoria, ukungu ukafunika ziwa, na mzee akasema basi. Jioni mgeni aliandika daftarini: saa, upepo, chambo, urefu wa samaki. Nilikuwa nimeshika taa, niliona ukurasa wote. Mzee hakuwamo. Hilo lilinikera, na linanikera hadi leo, kwa sababu maelfu ya safari za mlima huu zimeandikwa hivyo, mtu aliyeona samaki akiachwa nje ya habari ya samaki.

Kwa hiyo naandika mimi, kama alivyonieleza. Usitoke kabla jua halijagusa maji. Vaa nguo za rangi ya nyasi. Kabla ya kurusha, panda mahali pa juu utazame kwa muda wa kunywa kikombe cha chai. Anza na maji yaliyo karibu na miguu yako, ndipo uende mbali. Upepo ukiamka, zunguka ziwa uende unakopiga, hata kama mkono utauma.