Kuku Sita na Jua la Bigo

Juma hili ninawatembeza kwetu Bigo, hapa hapa Bunia, mwezi wa pili, saa saba ya mchana. Tutapita parseli mbili, kisha tutashuka Kasenyi kando ya ziwa, na tutarudi nyumbani kabla ya giza. Tunachotafuta njiani ni kitu kidogo: kivuli cha kuku.

Anayekaa Bigo anajua mwezi wa pili ulivyo. Mvua zimekuwa haba tangu mwezi wa kumi na mbili. Vumbi jekundu limekaa juu ya mabati, juu ya majani ya miti ya avoka, juu ya nguo zilizoanikwa. Watoto wanapanga mabido kwenye foleni ya maji tangu alfajiri. Lakini mji wetu uko juu, zaidi ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na usiku tunajifunika blanketi. Ndiyo maana tunajidanganya na kusema, "Huku kwetu hakuna joto." Lipo, wamama. Limejificha chini ya bati.

Nitawaambia jambo la aibu. Mimi ni mwalimu, nimesoma ISP, na darasani ninafundisha jinsi viumbe vinavyopumua. Nilikuwa na kuku kumi na mmoja. Hawakuwa wa kuchinja sikukuu. Walikuwa malipo ya Mtihani wa Serikali ya mdogo wangu ninayemlea, aliyekuwa mwaka wa mwisho wa sekondari. Kwa kuogopa wezi nilimwomba fundi anitengenezee kibanda cha mabati, pande zote na juu, mlango mmoja, kadena moja. Usiku nililala bila wasiwasi. Na kwa kuwa kuku walikuwa wanaingia bustani ya jirani na kuchimba lengalenga zake, nikaanza kuwafungia hata mchana, nikiwa shuleni.

Siku moja nilirudi saa nane, nikafungua kadena. Kuku sita walikuwa wamelala chini, mabawa yametandazwa, midomo wazi. Sahani ya maji ilikuwa imepinduka na kukauka. Watano waliokuwa hai walikuwa wamejibana mlangoni, pale chini penye upenyo wa vidole viwili.

Watu walikusanyika. Mmoja akasema ni ugonjwa. Mwingine akasema ni sumu, akatazama upande wa jirani yangu yule wa lengalenga. Mama huyo alikimbia vita vya Djugu na watoto wake, akapanga chumba hapa kwetu. Hana ndugu katika avenyu hii. Na mimi, wamama, nakiri mbele yenu: kwa dakika chache nilimtazama kwa jicho baya. Maneno yalikuwa yamefika mdomoni.

Yeye mwenyewe alivuka, akasimama karibu na kibanda, akaniambia, "Mama Mwalimu, weka mkono hapa." Niliweka kiganja juu ya bati. Sikuweza kuhesabu hata tano. "Sasa ingiza kichwa ndani," akasema. Niliingiza. Hewa ilikuwa kama ya tanuri la mkate. Hakuongeza neno. Watu wakatawanyika mmoja mmoja.

Hapo ndipo somo langu la darasani lilinirudia. Kuku hatoki jasho kama sisi. Mwili wake kwa kawaida una joto la nyuzi 41 hadi 42, na jua likizidi ana njia chache tu za kupoa: kufungua mdomo na kuhema haraka haraka, kuachanisha mabawa na mwili ili upepo upite, na kutoa joto kwa miguu na kwa undu mwekundu wa kichwani. Njia hizo zote zinahitaji hewa inayotembea na maji ya kunywa. Kwenye sanduku la bati lililofungwa hakuna hewa, na pumzi zao wenyewe zinajaza unyevu. Wale watano waliokoka kwa sababu ya upenyo wa vidole viwili.

Kesho yake nilivuka mimi kwenda kwake, mara ya kwanza kuingia parseli ile. Kuku wake wanne walikuwa chini ya mti wa avoka, wamejichimbia udongo wa kivulini, wametulia. Maji yalikuwa ndani ya chungu cha zamani kilichofukiwa nusu ardhini: hakipinduki, na maji yanabaki baridi. Nilimuuliza anapata wapi maji ya kuku, wakati sisi tunapiga foleni kwa bido moja. Akacheka. Maji yanayosuuza mboga, yasiyo na sabuni, hayamwagi. Kuku kumi wazima hunywa kama lita mbili au tatu kwa siku. Joto likizidi, wanahitaji hata mara mbili. Maji ya kusuuza sombe na mchele yanafidia sehemu kubwa.

Mwezi uliofuata shangazi yangu wa Kasenyi aliniita. Njia inapita Bogoro, kisha inateremka kuelekea Ziwa Albert, ambalo liko chini sana kuliko sisi, karibu mita 620 tu kutoka usawa wa bahari. Kila kona ya mteremko unahisi joto linapanda mgongoni. Tulipishana na pikipiki iliyofunga kuku wengi kwa miguu, vichwa chini, ikipanda kwenda kuwauza Bunia saa sita ya jua. Vichwa vya baadhi yao vilikuwa vinayumba tu. Nilifikiri: huyu mchuuzi atafika sokoni na hasara, na hatajua alipoteza wapi.

Kwa shangazi sikukuta bati hata moja kwa kuku. Nyumba yao ilikuwa imeinuliwa juu ya miguu ya miti, kuta za matete yaliyofumwa kwa kuachana, paa la nyasi nene. Upepo wa ziwa unaingia upande huu na kutoka upande ule. "Huku kuku akikosa upepo, jioni unazika," shangazi aliniambia. Chakula anawapa mapema alfajiri na tena jua likishuka. Mchana anawaachia maji na majani mabichi tu. Nilipomuuliza sababu, akasema ndivyo walivyomfundisha. Sababu ipo: chakula kikisagwa tumboni kinaongeza joto mwilini. Kuku aliyeshiba mahindi saa sita anabeba majiko mawili, la nje na la ndani.

Niliporudi Bigo sikuvunja kibanda changu, maana wezi bado wapo na bati nililinunua kwa pesa. Nilikibadilisha. Kuta mbili zinazotazamana zilitolewa, nikaweka wavu wa waya wenye nguvu uliopigiliwa kwenye miti, na kadena ikabaki pale pale. Mwizi hapiti, upepo unapita. Juu ya bati nikatandika nyasi nene na kuzifunga kwa kamba. Kibanda chenyewe tulikihamishia upande unaopata kivuli cha nyumba kuanzia adhuhuri. Mabati niliyotoa yalinunuliwa na fundi, na pesa hiyo ikalipa waya. Tena nilipunguza matandiko ya chini, maana samadi nene iliyorundikana nayo inatoa joto. Kuhusu lengalenga, tulisaidiana kuweka ua wa matete kati ya parseli zetu mbili.

Wamama, kuna mambo mengine matatu ambayo ningependa myaone mapema kuliko mimi.

La kwanza, mayai. Wakati wa jua kuku hutaga kidogo na maganda yanakuwa mepesi, yanapasuka mkononi. Si uchawi. Kuku anayehema sana anapoteza kwenye pumzi sehemu ya kile kinachojenga ganda, na pia anakula kidogo. Maganda ya mayai yaliyokaushwa na kusagwa, ukichanganya na chakula cha jioni, yanasaidia.

La pili, ugonjwa. Kuku wa joto anahema mchana, jioni anapata nafuu na kula. Ukiona anahema hata asubuhi ya baridi, anaharisha kijani, shingo inapinda, na wenzake wanafuata, hilo si jua. Huenda ni mdondo, ugonjwa wa Newcastle. Hauna dawa ya kuuponya, una chanjo tu. Mtenge aliyeugua na umwite mganga wa mifugo. Chanjo hutolewa kabla, kuku wakiwa wazima.

La tatu, ukimkuta kuku amelegea kwa joto, mpeleke kivulini, mtumbukize miguu kwenye beseni la maji ya kawaida, na mpe maji anywe mwenyewe kidogo kidogo. Usimmiminie kwa nguvu mdomoni, yataingia kwenye mapafu. Na siku ya soko, mbebe ndani ya kikapu, uondoke kabla ya jua kupanda.

Malipo ya mtihani niliyakopa katika sanduku la chama chetu, na nilirudisha kwa mayai, juma kwa juma. Mdogo wangu aliketi kwenye mtihani. Leo nina kuku tisa, na jirani yangu ana saba. Nikiwa shuleni yeye ndiye anayewaongezea maji, akienda kutafuta mboga ni mimi.

Kila nikipita mlangoni nakumbuka maneno niliyokaribia kumtupia mbele ya watu, ambayo nisingeweza kuyaokota tena. Kwa hiyo naomba hivi: kesho saa saba, kila mwenye kibanda cha bati akiweke kiganja na ahesabu hadi kumi. Ukishindwa kufika kumi, toa ukuta mmoja kabla ya kumtafuta mchawi.