Bunia: kabla ya kompyuta kulikuwa likembe

Katika mji wa Bunia, muziki unaotengenezwa kwa kompyuta hauna sifa nzuri mbele ya wazee. Wanauita makelele. Wanasema ni mambo ya wazungu, au kazi ya vijana waliokosa subira ya kujifunza gitaa. Kijana mmoja wa mtaa wa Mudzi-Pela amesikia maneno hayo kwa zaidi ya miaka kumi. Mchana anatengeneza simu kwenye kibanda karibu na soko kuu. Usiku, umeme ukiwepo, anafungua kompyuta ya mkononi yenye kioo kilichopasuka pembeni na kutunga midundo. Majirani wanamwita Fundi, na hapa pia atabaki Fundi.

Fundi habishani na wazee. Anachosema ni kwamba mapenzi ya sauti hizo hakuyapata kwa wazungu wala kwenye intaneti. Aliyapata kwa mzee, tena mzee ambaye hakuwahi kuwa na umeme nyumbani kwake.

Mzee huyo alikuwa babu yake mzaa mama, Mualur wa asili ya Mahagi aliyekuwa mvuvi huko Tchomia, kwenye ufuko wa ziwa Albert. Vita ya 2003 ilipotulia kidogo, mama alianza kumpeleka mtoto kule wakati wa likizo. Jioni, nyavu zikiwa zimeanikwa, babu alichukua likembe yake na kuketi nje.

Wanaoijua likembe hawahitaji maelezo, lakini vijana wengi wa mjini hawajawahi kuishika. Ni kisanduku cha mti kinachokaa kwenye viganja viwili. Juu yake kuna ndimi za chuma, nane au kumi au zaidi, zilizopondwa kutoka spoki za baiskeli, misumari au mbavu za mwavuli. Vidole gumba hubonyeza na kuachia. Kisanduku kina tundu dogo ambalo mpigaji huliziba na kulifungua kwa kidole, na sauti huyumba kama mtu anayefungua na kufunga kinywa akiimba. Kisha kuna vile vipete vya waya vilivyozungushwa kwenye ndimi bila kukazwa. Ulimi ukitetemeka, kipete nacho hutetemeka, na sauti hutoka imevaa mkwaruzo, kama nyuki aliyefungiwa kwenye kopo.

Mtoto alidhani likembe imeharibika. Alimwuliza babu kwa nini asivitoe vile vipete ili isikike vizuri. Babu alikitoa kimoja, akapiga ule ulimi, na ikatoka sauti safi kama tone la maji. Nzuri, lakini nyembamba. Akakirudisha na kupiga tena. Alimwambia mjukuu wake kwamba sasa imevaa nguo.

Somo hilo halikuchukua hata dakika mbili, na Fundi anasema ndilo somo kubwa la muziki alilowahi kupata. Katika programu anayotumia leo, FL Studio, kuna vitufe vilivyowekwa maalum ili kuichafua sauti safi, kuitia mkwaruzo. Vijana wenzake walipovigundua walishangaa kwamba mtu anaweza kuharibu sauti kwa makusudi. Yeye hakushangaa.

Na likembe yenyewe haikuwa ngeni kwa safari. Watafiti wa ala za Afrika, akiwemo Gerhard Kubik wa Austria, wameifuata njia yake. Ilitoka upande wa Kongo ya chini, ikapanda pamoja na wapagazi na vibarua wa enzi ya ukoloni, kwa sababu ni ala ya msafiri, inaingia mfukoni na haizuii kutembea. Ilifika kwa Waalur, ikavuka mpaka na kuingia Uganda ya kaskazini, ambako Waacholi waliipokea na kuiita lukeme. Sikiliza majina hayo mawili, likembe na lukeme, utasikia barabara nzima. Barabara hiyo ilipita katika nchi hii ya Ituri. Mtu wa Bunia anayefikiri kwamba sauti zote mpya huletwa na ndege anasahau kwamba zamani mji huu ulikuwa karibu na njia ambayo sauti ilikuwa ikienda kwa miguu.

Likembe haikuwa mwalimu pekee, bila shaka. Watoto wa Bunia wa umri wa Fundi walikulia kwenye redio-kaseti zilizolishwa batri zilizoanikwa juani ili zipate nguvu ya mwisho. Batri zikifa polepole, wimbo nao ulishuka, sauti ya mwimbaji ikageuka ya mzee na gitaa likalegea. Watu wazima walikasirika na kuzima. Kuna watoto ambao waliipenda sehemu hiyo kuliko wimbo wenyewe. Kulikuwa na nyimbo za Kinshasa, ndombolo ya Wenge na Koffi, ambazo kinanda cha umeme kilikuwa kimeingia ndani yake zamani bila mtu yeyote kulalamika. Kulikuwa na makanisa, na vinanda vyenye kitufe cha mdundo. Ukibonyeza, ngoma inapiga yenyewe mpaka uizime. Wapo wanakwaya wa Bunia waliojua kitufe hicho kabla ya kumjua mpiga ngoma, kwa kuwa miaka ile wapiga ngoma walikuwa wamekimbia, kila mmoja upande wake. Wazee wanaolaumu kompyuta leo waliimba Jumapili nyingi juu ya mashine hiyo, na hakuna aliyesema imeharibu ibada.

Halafu kulikuwa matanga. Spika kubwa zilizokodishwa, jenereta inayonguruma nyuma ya nyumba, waya zilizounganishwa kwa mkanda mweusi, na muziki unaotoka umepasuka kabisa kwa sababu mwenye mitambo ameongeza sauti kupita uwezo wa spika. Mtaa mzima ulipaswa kujua kwamba hapa kuna msiba. Kupasuka kule kulikuwa sehemu ya habari.

Kwa hiyo siku Fundi alipomsikia Mingiedi, sikio lake lilikuwa tayari. Ilikuwa kama mwaka 2011, kwenye duka moja ambako vijana walilipa franka chache kujaziwa nyimbo kwenye flashi. Kati ya nyimbo za dini na za Kinshasa kulikuwa na faili lisilo na jina la kueleweka. Alipolifungua nyumbani alisikia likembe ya babu yake, lakini kubwa kama lori.

Lilikuwa kundi la Konono N°1 la Kinshasa. Mingiedi Mawangu, mtu wa kabila la Bazombo wanaokaa mpakani mwa Kongo na Angola, alilianzisha katika miaka ya 1960. Tatizo lake lilikuwa la mtu yeyote anayehamia mji mkubwa: likembe ilitosha kijijini, lakini Kinshasa ina magari, baa na watu milioni, na hakuna anayekusikia. Akatafuta umeme. Vifaa vya dukani vilikuwa ghali, basi vinasa sauti vikatengenezwa kwa mkono kutoka sumaku za vipuri vya magari ya zamani. Likembe tatu, ya sauti nene, ya kati na ya juu, zikaunganishwa na vikuza sauti, na sauti ikatolewa kwa vipaza vya bati kama vile vilivyotumiwa na serikali ya Wabelgiji kuhutubia raia. Vyuma vya magari vikawa ngoma. Vifaa hivyo havikuweza kubeba sauti bila kuikwaruza, na Konono hawakuuficha mkwaruzo. Waliupanga ndani ya muziki kama vile babu wa Tchomia alivyopanga vipete vyake.

Wazungu walichelewa. Rekodi ya kundi hilo ya miaka ya 1970 ilimfikia Mbelgiji Vincent Kenis, naye akawatafuta kwa miaka mingi mpaka akawapata. Mwaka 2004 kampuni ya Crammed Discs ya Brussels ilitoa albamu iliyoitwa Congotronics, na wapenzi wa muziki wa kompyuta wa Ulaya wakashangaa kusikia watu waliofika kwenye sauti kama yao kwa njia ya sumaku na bati. Mwaka 2007 Björk wa Iceland aliwaweka kwenye wimbo wake. Mingiedi alifariki mwaka 2015, akiwa mzee wa zaidi ya miaka 80. Kinachouma kidogo ni kwamba mtu anaweza kumkuta mwanafunzi Ufaransa anayelijua jina lake, na asimkute hata mmoja katika darasa zima la Bunia.

Upande wa pili wa ziwa mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Gulu, mji wa Waacholi, nao ulitoka katika vita ndefu. Harusi zilitaka larakaraka, ngoma ya vijana yenye vibuyu vingi vinavyopigwa kwa pamoja, lakini kulisha na kusafirisha kundi zima ni gharama. Mwimbaji wa harusi Otim Alpha na mtayarishaji Leo PaLayeng waliihamishia ngoma hiyo kwenye kompyuta, kwa kasi ileile na hata zaidi. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilikusanya nyimbo hizo katika albamu ya Gulu City Anthems. Kampala hiyohiyo ndiko alikojijengea jina Rey Sapienz, msanii wa upande wetu huu wa mashariki mwa Kongo, kwa muziki ambao yeye na wenzake hawakuogopa kuuita tekno ya Kongo.

Fundi akiwatajia wazee wake mifano hiyo, wanajibu kwamba Kinshasa ni Kinshasa na Uganda ni Uganda. Hapo huwa anawarudisha Mambasa. Katika miaka ya 1950, Mwingereza Colin Turnbull aliishi na Wambuti kule Epulu, na mwaka 1961 akatoa kitabu, The Forest People. Alitamani sana kuiona molimo, tarumbeta ndefu ya usiku inayopigwa kuuamsha msitu baada ya msiba mkubwa. Alitegemea mti mtakatifu uliochongwa kwa ustadi. Alichoonyeshwa ni bomba la chuma lenye urefu wa zaidi ya mita 4, ambalo Wambuti walilichukua kwa wajenzi wa barabara bila kuwauliza. Turnbull alisikitika. Wenye molimo hawakuelewa anasikitikia nini: bomba linatoa sauti nzuri na halioezi kama mti. Watu ambao dunia nzima inawataja kuwa walinzi wa mila walikuwa wameshamaliza mjadala huu tangu miaka ya 1950, hapahapa Ituri.

Fundi anayasema hayo yote kwa furaha, mpaka mtu amwulize likembe ya babu iko wapi.

Mwanzoni mwa 2018, mauaji yalipoenea Djugu, maelfu ya watu walivuka ziwa kwenda Uganda. Babu alipanda mtumbwi uliojaa watu, akashika mtoto mmoja wa jirani kila mkono. Likembe ilibaki ukutani. Nyumba ilichomwa. Mzee alifariki mwaka uliofuata katika kambi ya Kyangwali, na mjukuu wake, mwenye simu mbili na kompyuta, hakuwa amemrekodi hata mara moja. Kilichobaki ni kaseti moja ambayo mama aliirekodi zamani juu ya mahubiri. Likembe inasikika kwa dakika kumi na moja, mkanda umenyooka kwa joto, na mwishoni mhubiri anarudi katikati ya sentensi. Fundi ameihamishia kwenye kompyuta. Programu ingeweza kuondoa makelele ya mkanda. Alijaribu, ikaondoa na vipete.

Sauti za zamani za jimbo hili zipo, lakini ziko mbali. Mwaka 1952 Hugh Tracey alipita ukingoni mwa msitu wa Ituri na mitambo yake, akirekodi Wabira, Wabudu, Wambuti na wengine. Rekodi hizo zinahifadhiwa Makhanda, Afrika Kusini, katika maktaba ya muziki aliyoianzisha mwaka 1954. Ni vizuri kwamba zipo. Lakini kijana wa Nyakasanza anayetaka sauti ya ngoma leo hupakua ngoma iliyorekodiwa nchi nyingine, kwa sababu ndiyo inayopatikana bure, na ngoma ya mzee wa jirani yake haipo popote. Na wazee wanapungua haraka. Tangu mwishoni mwa 2017 vijiji vingi vimetawanyika. Mei 2021 jimbo liliwekwa chini ya utawala wa kijeshi, na usiku, ambao ndio wakati wa ngoma, umekuwa wakati wa watu kubaki ndani.

Kwa hiyo Jumapili baada ya misa, Fundi hupanda pikipiki hadi Yambi-Yaya. Kule anaishi mzee mmoja, mkimbizi wa ndani kutoka Djugu, ambaye bado ana likembe. Mara ya kwanza mzee alikataa kurekodiwa, akidhani ni mtu wa shirika aliyekuja kuhesabu watu na kuondoka. Mara ya tatu alikubali. Sasa kuna nyimbo nne kwenye simu, moja ikiwa imeingiliwa na jogoo, na Fundi ameshajenga mdundo juu ya mmoja. Alimpelekea mzee ausikilize kwenye spika ndogo. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akasema ngoma inakimbia sana, lakini likembe ameisikia vizuri. Kisha akaomba aletewe spoki mbili za baiskeli, kwa sababu ndimi mbili za upande wa kulia zimevunjika.