Nilisema Haina Shida

Niliinunua kwa shilingi 2,500, nikaiuza kwa 1,800. Mume wangu anaijua hasara ya 700. Mengine hayajui, na atayasoma hapa pamoja nanyi.

Ilikuwa pampu ya umeme ya kukamulia maziwa ya mama, ya rangi ya samawati, yenye mchubuko ubavuni mfano wa ukucha wa kidole gumba. Aliyeniuzia ni mama mmoja wa hapa Embu mjini, msafi kiasi kwamba ungeweza kulia chakula sakafuni kwake. Aliitoa kwenye mfuko wa kitambaa, akaiwasha, ikanguruma. "Nimechemsha kila kitu, mama. Wangu ameshaacha kunyonya, inakaa tu bure." Nikakagua chupa. Nikanusa vile vikombe vinavyowekwa kwenye titi. Mrija sikuutazama, kwa kuwa nani hutazama mrija?

Mpya ya aina ile niliiona dukani kwa bei inayopita hiyo mara nne, na mshahara wa karani mnaujua. Isitoshe, nimelelewa kwa mtumba. Mtoto wangu alilala kwenye kitanda kilicholaliwa na watoto watatu wa dada yangu, akaogeshwa kwenye beseni lililomzidi umri. Vyote vilioshwa, vikaanikwa juani, vikawa vyake. Nikaihesabu pampu katika kundi la beseni.

Tena nilikuwa na haraka. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mama likizo ya miezi mitatu yenye mshahara, na kliniki inamwambia amnyonyeshe mtoto maziwa yake tu kwa miezi sita. Ile miezi mitatu inayobaki, kila mama mwenye kazi hujitafutia njia yake. Baadaye sana nilikuja kusoma kwamba Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri aweke chumba cha kunyonyeshea chenye mahali pa kunawa mikono, friji, meza ndogo, kiti kizuri, na hata soketi ya umeme kwa ajili ya pampu, na chumba hicho kisiwe msalani. Inampa mama pia mapumziko ya kunyonyesha au kukamua, mbali na yale ya chakula, yasiyozidi jumla ya saa moja kwa kila saa nane za kazi. Soketi ya pampu imo ndani ya sheria ya nchi! Ofisini kwetu kulikuwa na stoo ya mafaili. Niliuzuia mlango kwa kiti, nikajikamua katikati ya stakabadhi zilizoliwa na mende, huku nikisikiliza nyayo kwenye korido.

Juma la kwanza nilipata mililita 120 kwa mkao mmoja. La pili, 90. La tatu, 50, na mota ilikuwa ikinguruma vilevile kwa bidii, kama mtu anayepiga kelele ili aonekane anafanya kazi. Mama mkwe alikuja kutoka Runyenjes na njahi kilo nne na unga wa wimbi, maana huku kwetu mzazi hulishwa njahi ili maziwa yateremke. Nilikula njahi asubuhi na jioni mpaka nikaziota. Maziwa yakazidi kupungua. Nikahitimisha kwamba mwili wangu ndio wenye kasoro, nikaanza kulia stoo kimyakimya. Wala halikunijia wazo la kuishuku mashine. Mashine ilikuwa inanguruma.

Jumamosi moja ya Julai, ile baridi ya manyunyu inayoshuka kutoka mlimani, niliamka nikitetemeka. Titi la kushoto lilikuwa gumu kama jiwe la kusagia, jekundu, linawaka moto. Boda boda akanifikisha hospitali. Muuguzi alinipima joto, akaniuliza swali moja: "Unakamua na nini?"

Nikaitoa kwenye mkoba. Akachomoa mrija, akauinua dirishani penye mwanga. Pale unapoingia kwenye mota, ndani, kulikuwa na vidoti vyeusi kama pilipili manga iliyosagwa. Ukungu.

"Ulinunua kwa mtu?"

"Ndiyo, sista. Lakini ilichemshwa."

"Mota nayo ilichemshwa?"

Akanieleza bila kunikaripia, na natamani angenikaripia. Maziwa hayapiti kwenye mrija. Kinachopita ni hewa, inavutwa na kurudishwa mara nyingi kila dakika. Katika pampu kama ile yangu hakuna kizuizi kati ya maziwa na mashine. Unyevunyevu na matone madogo ya maziwa hupanda na ile hewa, huingia kwenye mrija, huingia hata ndani ya mota, na humo hakuna brashi wala maji ya moto yanayofika. Ukibadilisha mrija, mota inabaki na yake. Zipo pampu zenye utando unaotenga pande hizo mbili, na zipo kubwa za hospitali zilizoundwa kutumiwa na kina mama wengi, kila mmoja na vikombe na mirija yake mwenyewe. Za nyumbani karibu zote, hata zenye utando, zimetengenezwa kwa ajili ya mama mmoja, na mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, huonya waziwazi kwamba zisiazimwe wala kununuliwa zikiwa zimetumika. Sababu si ukungu peke yake. Kuna virusi vinavyopita katika maziwa ya mama, VVU vikiwemo, na kwa macho huwezi kujua nani anavyo na nani hana. Usafi wa jikoni hausemi lolote kuhusu hilo.

Halafu akanionyesha kidude cha mpira, kilichofanana na mdomo wa bata, ambacho hufunga na kufungua pampu inapovuta. Kilikuwa kimelegea, midomo yake haikutani. Mota yenyewe ilikuwa imechoka kwa kumhudumia mtoto wa aliyeniuzia. Pampu ilikuwa inavuta kidogo, maziwa yanabaki titini, na titi lisilokamuliwa vizuri hupata ujumbe kwamba maziwa hayahitajiki, likapunguza kuyatengeneza. Yale yaliyobaki ndiyo yaliyonivimbisha. Mwili wangu haukuwa na kasoro yoyote. Ulikuwa unatii.

Mama mkwe aliposikia alikaa kimya, na yeye si mtu wa kukaa kimya. Ana ng'ombe mmoja wa maziwa. Kila alfajiri hubeba maziwa kwa kopo la alumini, kwa sababu anayeyapokea huyakataa ya jerikeni ya plastiki: pembe za ndani za jerikeni hazisuguliki. Mwishowe akasema, "Maziwa ya ng'ombe yana masharti mengi kuliko ya mjukuu wangu?" Nilitamani sakafu ipasuke.

Yule muuguzi alinifundisha pia kukamua kwa mkono, na hili natamani ningefundishwa siku niliyojifungua. Unanawa mikono. Unaweka kidole gumba juu na vingine chini, nyuma kidogo ya weusi unaozunguka chuchu. Unasukuma kwanza kuelekea kifuani, ndipo unabana, unaachia. Huvuti chuchu, huburuzi vidole kwenye ngozi. Unazunguka titi zima pole pole. Siku mbili za kwanza nilipata vijiko tu. Baada ya juma moja nikawa najaza mililita 80 kwenye kikombe cha chuma kilichochemshwa, kikombe cha shilingi chache, bila soketi. Maziwa hayo hukaa salama saa nne nje ya friji, na siku nne ndani yake.

Mngedhani kisa kimeishia hapo, na mimi ndiye niliyekosewa. Hivyo ndivyo nilivyokisimulia kanisani na kwenye chama, nikapewa pole nyingi.

Sasa niseme lile ambalo sikulisimulia. Pampu ilibaki kabatini, na kila nilipofungua kabati niliona 2,500. Nilikuwa nimelipa dawa, nimelipa boda boda, na siku nilizougua zilikuwa zimekatwa. Nikaenda nikanunua kipande cha mrija mpya, mweupe unaong'aa, shilingi 150. Sikuununua ili nitibu ile mashine, kwa kuwa nilishaambiwa mota haitibiki. Niliununua ili vidoti visionekane. Nikafuta pampu kwa kitambaa chenye siki, nikairudisha kwenye mfuko uleule wa kitambaa, nikatangaza kwa marafiki.

Aliyekuja ni mwalimu kijana wa upande wa Siakago, kifungua mimba wake ana miezi miwili, likizo inamwishia. Aliishika kwa mikono miwili kama anayepokea sahani. "Dada, haina shida yoyote?"

Nikasema haina shida.

"Nichemshe tu?"

"Chemsha tu."

Na mimi nilikuwa najua. Mama wa mjini aliyeniuzia mimi hakujua. Yeye aliamini sufuria yake. Tofauti hiyo imeninyima usingizi kuliko ile homa. Baada ya siku tatu mwalimu alinitumia picha ya mtoto na maneno "Mungu akubariki, dada." Nilisoma ujumbe ule nikiwa kwenye matatu, nikaufuta. Nikakaa majuma matatu mengine bila kufanya kitu, nikijiambia kwamba huenda itamfaa.

Msinielewe vibaya, siyaogopi maziwa ya mama mwingine. Pale Pumwani, Nairobi, tangu 2019 kuna benki ya maziwa ya mama, na watoto wachanga walio taabani hunyweshwa maziwa ya kina mama wanaojitolea. Lakini mama anayetoa hupimwa kwanza, na maziwa hupashwa moto wa kuua vijidudu. Kule mtu anawajibika. Huku kwangu palikuwa na neno langu tu.

Nilipompigia hatimaye, nilimtumia kwanza shilingi 1,800 kwa M-Pesa, nikijua nikianza na maneno nitajitetea. Nikamweleza yote, mrija na mota. Alinyamaza hadi nikadhani simu imekatika. Kisha akasema ilikuwa haivuti vizuri, kwa hiyo alishaiuza kwa mama mmoja waliyekutana kwenye gari la Kiritiri. Namba yake hana.

"Ulimwambiaje?" nikauliza.

"Nilimwambia ulivyoniambia."

Ni ya samawati. Ina mchubuko ubavuni kama ukucha wa kidole gumba, na mrija wake ni mpya kuliko mashine. Mama uliye nayo, usiichemshe wala usimpe mtu. Kata mrija, ivunje, itupe, kisha mpigie mhariri wa jarida hili. Namba yangu anayo, na pesa zako nimeziweka kando.