KOMPYUTA YA GEMU NYUMBANI, SEHEMU YA 4: PAWA SAPLAI NI DOZI, SI SIFA

Haya wapendwa, nimetoka zamu ya usiku, nimelala kidogo, naamka nakuta meseji zimejaa swali moja: "Dada nesi, ninunue pawa saplai ya wati ngapi?" Ningeweza kutaja namba nikarudi kulala. Ila namba inayotajwa bila kuuliza kompyuta yako ina nini ndani ndiyo inayounguza vitu vya watu, kwa hiyo leo tukae tuelewane.

Kwa waliojiunga juzi: mdogo wangu anaunda kompyuta yake ya kwanza ya gemu hapa Tanga. Pesa ni yake. Ameikusanya miezi kumi na moja kwa bodaboda, Chumbageni, Ngamiani, Mikanjuni, kwenye jua hili mnalolijua. Mi nimeshika daftari tu. Prosesa tumeshachagua, kadi ya grafiki tumeshachagua, na pesa iliyobaki ni kidogo. Hapo ndipo kila mtu anapotaka kubana, kwenye pawa saplai, kwa sababu haiongezi kasi ya gemu, haina taa za rangi, na ukishafunga kasha wala huioni tena.

Lakini fikiria kazi yake. Soketi ya ukutani inatoa volti 230. Vitu vilivyomo ndani ya kompyuta vinataka volti 12, 5 na 3.3, tena zilizotulia. Anayegeuza ni yeye. Kila kitu ulichonunua kinakula kutoka mkononi mwake. Feni ikifa, inakufa peke yake. Pawa saplai mbovu ikifa vibaya inaweza kuondoka na madabodi, kadi na diski siku hiyo hiyo. Miezi kumi na moja ya bodaboda inaishia kwenye harufu ya plastiki.

PIMA MGONJWA KWANZA

Wodini mtoto hapewi dawa kabla hajapimwa uzito, maana dozi inatoka kwenye kilo zake. Hapa ni vile vile. Usianze na pawa saplai, anza na vitakavyokula.

Ya mdogo wangu iko hivi. Prosesa ni Ryzen 5 5600, imeandikwa wati 65, lakini ikifanya kazi kwa nguvu inapanda zaidi ya hapo, kwa hiyo tumeiandikia 90. Kadi ni GeForce RTX 3060, wati 170. Madabodi, memori, diski na feni vyote kwa pamoja tumeviwekea 50. Jumla 310.

Sasa usikimbilie dukani kuuliza ya 310. Kadi za grafiki zina tabia ya kushtuka: kwa muda mfupi sana, chini ya kupepesa jicho, zinavuta umeme mwingi kuliko ulioandikwa. Pia hutaki kifaa kikae kimekaza misuli saa zote kwenye joto la Tanga. Sisi tumezidisha mara moja na nusu: 310 inakuwa 465. Ukubwa unaofuata wenye nafasi ni 550. Na ukisoma maelezo ya Nvidia wenyewe kwa kadi hiyo, wanapendekeza 550. Hesabu ya daftari na ya kiwandani zimekutana, tumefunga.

Kuna waliomwambia mdogo wangu achukue 850 "ili asijute." Jamani. Dozi kubwa si tiba kubwa. Kama huna mpango wa kununua kadi nzito karibuni, tofauti hiyo ya pesa ina kazi nyingine, tutaiona hapo chini.

SOMA LEBO, USISOME BOKSI

Hapa ndipo penyewe. Nesi kabla hajatoa dawa anajiuliza: mgonjwa sahihi? dawa sahihi? dozi sahihi? njia sahihi? muda sahihi? Hatuangalii rangi ya boksi. Na wewe usiangalie namba kubwa iliyoandikwa kwa wino mwekundu.

Geuza pawa saplai, tafuta lebo ya ubavuni. Ina jedwali dogo. Tafuta safu ya +12V, kisha angalia ampia zake. Zidisha 12 mara ampia hizo, unapata wati za kweli zinazoweza kwenda kwenye prosesa na kadi, maana hao wawili wanakula hasa kwenye volti 12.

Mdogo wangu aliletewa moja, boksi limeandikwa wati 500, bei ya kuchekesha. Tukageuza. +12V: ampia 18. Haya hesabu na wewe: 12 mara 18 ni 216. Kadi na prosesa peke yake zinataka 260. Namba 500 ilitoka wapi? Imejumlishwa na volti 5 na 3.3, ambazo kompyuta ya siku hizi haizihitaji kwa wingi huo. Tukairudisha kwa heshima, tukaaga. Ya 550 ya kweli utaikuta na ampia 45 hivi kwenye +12V, maana 12 mara 45 ni 540.

Halafu kuna stika ya 80 Plus. Watu wanadhani ni cheti cha ubora wa kila kitu. Hapana. Inapima kitu kimoja: kati ya umeme unaovutwa ukutani, kiasi gani kinafika kwenye kompyuta na kiasi gani kinapotea kuwa joto. Gold kwa volti 230, ikiwa imebeba nusu ya mzigo, inafikisha asilimia 92. Bronze iko chini kidogo. Kwa mfuko wetu Bronze inatosha kabisa. Muhimu zaidi ni kinga za ndani: ijizime yenyewe kukitokea shoti, mzigo ukizidi, volti ikipanda, au joto likipita kiasi. Soma maelezo ya mtengenezaji, kinga hizo hutajwa. Na uangalie waranti. Anayetoa miaka mitano ana imani na mali yake kuliko anayekupa wiki moja ya majaribio.

Angalia pia wametoa wati hizo kwa joto gani. Zipo zinazoahidi wati kamili kwenye nyuzi 25, nyingine kwenye 40 au 50. Nani ana nyuzi 25 Tanga mwezi wa pili? Chagua ya 40 kwenda juu.

UNAYENUNUA KOMPYUTA YA OFISI YA MTUMBA

Wengi mmeniambia njia yenu ni hii: Dell OptiPlex au HP ya ofisi, kisha kuongeza kadi. Ni njia nzuri ya kubana pesa, ila ijue mipaka yake.

Nyingi zina pawa saplai za wati 240 mpaka 290, na mara nyingi hazina ule waya wa ziada wa kadi ya grafiki. Kadi isiyo na waya huo inakula kwenye tundu la madabodi, na tundu hilo mwisho wake ni wati 75. Ndiyo maana GTX 1650 isiyo na soketi ya ziada inapendwa na watu wa njia hii. Kama kasha lako ni lile jembamba, utahitaji kadi fupi pia.

Fundi akikwambia "nitakuwekea adapta, inachomwa kwenye waya wa diski," mwambie asante, kisha hesabu. Kichwa cha waya wa diski za SATA kimeundwa kwa wati 54 kwenye volti 12. Soketi ya kadi yenye pini nane inaruhusiwa kuvuta 150. Hiyo ni kumtundikia mgonjwa dripu kwa bomba lisilo lake. Itapita leo, kesho plastiki inayeyuka.

Kuna lingine. Dell na HP nyingi zina soketi zao za madabodi, si zile za kawaida. Usinunue pawa saplai mpya kabla hujafungua kasha na kuhesabu pini.

Na kama pawa saplai ni ya zamani, tazama nyuma: kuna kiswichi chekundu kimeandikwa 115 na 230? Mizigo mingine inatoka nchi za volti 110 na 120. Hakikisha kipo 230 KABLA hujachomeka. Kikiwa 115, utasikia mlio mmoja tu.

Waya za kuchomoa nazo: usichukue waya za pawa saplai moja ukachomeka kwenye nyingine kwa kuwa zimeingia. Kuingia si kupatana. Mpangilio wa pini unatofautiana kati ya watengenezaji, hata kati ya matoleo ya mtengenezaji mmoja. Mfuko wa damu wa kundi jingine nao unaingia kwenye dripu ile ile, lakini matokeo mnayajua.

UMEME WETU WENYEWE

Mnaukumbuka mgao wa mwishoni mwa 2023 mpaka mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere ilipoanza kuingia kwenye gridi mwaka 2024. Afadhali imepatikana, lakini umeme kukatika na kurudi kwa kishindo bado kupo, na kurudi ndiko kunakoumiza.

Pawa saplai nzuri za kisasa zinapokea volti kuanzia 100 hadi 240, kwa hiyo umeme ukishuka jioni taa zikawa nyekundu, zinavumilia. Ukikatika kabisa, pawa saplai iliyotengenezwa kwa kiwango inashikilia pumzi kama milisekunde 16 tu. UPS nyingi za nyumbani zinabadili ndani ya milisekunde 10, zinawahi. Ya bei ya chee inaweza isifikishe, na kompyuta inazima hata kama UPS ipo.

Ukinunua UPS usidanganywe na VA. Wati zake huwa chini ya namba hiyo, nyingi za nyumbani ni kama asilimia 60. Soma wati. Ile tofauti ya 850 na 550 niliyosema ina kazi nyingine, kazi yake ni hii.

Sasa athi, yaani waya wa ardhini. Najua tabia yetu: plagi ya pini mbili haiingii, tunatia kalamu tundu la juu, inaingia. Kwenye kompyuta USIFANYE. Ukigusa kasha la chuma ukahisi linakutekenya, huo ni umeme mdogo unaovuja kupitia kichujio cha pawa saplai, na ulitakiwa kwenda ardhini. Athi haipo au imekatika. Nyumba nyingi za karibu na bahari vyuma vinaliwa na chumvi, na fimbo ya athi ni chuma. Ita fundi umeme aipime kabla hujawasha kompyuta mara ya kwanza.

LUKU ITAISHA?

Mama kauliza hili kabla ya wote. Pawa saplai ya 550 haivuti 550 muda wote. Inavuta kile vitu vya ndani vinachoomba, pamoja na kinachopotea njiani. Ya mdogo wangu ikiwa kwenye gemu nzito itavuta kama wati 350 ukutani. Saa tatu ni uniti moja hivi. Kila siku kwa mwezi, uniti 31 au 32, skrini kando.

Wale mlio kwenye kundi la matumizi madogo, D1, kikomo chenu ni uniti 75 kwa mwezi. Gemu peke yake itakula zaidi ya thuluthi. Kaeni kikao nyumbani mapema, msisubiri friji na kompyuta vigombane. Kwetu imekubaliwa saa mbili, na Jumapili tatu.

LA MWISHO, NA SITANII

Pawa saplai ikiharibika USIIFUNGUE. Mle ndani kuna kapasita zinazotunza umeme hata baada ya kuchomoa plagi. Ile mashine ya kushtua moyo tunayoitumia hospitali inafanya kazi kwa kapasita pia. Sitaki kukutana na wewe kwa njia hiyo nikiwa zamu.

Kwa hiyo ukiniuliza tena wati ngapi, nitakuuliza: prosesa gani, kadi gani, +12V ina ampia ngapi? Njoo na majibu matatu, tupige hesabu pamoja kwenye maoni hapo chini. Piga picha ya lebo, si ya boksi.

Sehemu ya 5 tunafunga madabodi. Andaa bisibisi ya nyota, mwanga wa kutosha, na meza isiyo na chai.