Nilivyojifunza adabu kwa kompyuta ya jirani

Huku kwetu Ekerenyo mvua ya alasiri ni mgeni asiyebisha hodi. Siku hiyo ya Desemba 2025 ilikuwa imenyesha tangu saa nane, na njia ya kuelekea sokoni ilikuwa tope tupu. Nilikuwa ndani ya saiba yangu nikichapa programu ya mazishi ya mzee mmoja wa kijiji jirani, alipoingia mama mmoja ambaye namheshimu sana. Miguu yake ilikuwa na matope hadi vifundoni, na kifuani alikuwa amekumbatia kitu kilichoviringishwa kwa leso mbili. Nilidhani ni mtoto. Alipozifungua leso hizo nikaona ni laptopu.

"Mwalimu," akaniambia bila hata kunisalimu, jambo ambalo si desturi yake, "kile kitu ulichonitilia humu kimekataa kuamka. Na kesho kutwa tunagawana pesa."

Mama huyo ni katibu wa chama cha akina mama wachuma chai. Kila wiki huchanga kidogo kidogo, wakipata bonasi ya majani chai huongeza, na Desemba hugawana. Nani aliweka ngapi, nani alikopa, nani hajalipa: yote hayo yalikuwa ndani ya laptopu ile. Na mimi ndiye niliyemshauri aache daftari.

Msomaji mpendwa, ili uelewe kwa nini jasho lilinitoka siku ya baridi kama ile, yafaa nikurudishe nyuma kidogo.

Nilipostaafu ualimu nilinunua kompyuta nne za mitumba nikafungua saiba. Kazi yangu ni ile ile ya saiba zote za mashambani: kuwajazia watu ritani za kodi kabla ya tarehe 30 Juni, kuwatafutia vijana nafasi za vyuo, kuomba vyeti vya kuzaliwa kupitia eCitizen, na kuchapa barua. Mashine zote zilitumia Windows 10. Basi tarehe 14 Oktoba 2025 ikafika, siku ambayo kampuni ya Microsoft iliacha kuitolea Windows 10 marekebisho ya kawaida ya usalama. Mashine haizimiki siku hiyo, la hasha, lakini ufa unaogunduliwa baadaye waweza kubaki bila wa kuuziba, na mimi hushika nambari za siri za watu mchana kutwa.

Windows 11 nayo ina masharti yake. Hutaka kumbukumbu isiyopungua gigabaiti 4, pamoja na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Mashine zangu mbili zilikuwa na gigabaiti 2 tu. Kuzitaka zipokee mzigo huo ilikuwa sawa na kumwambia ng'ombe mzee apande vilima vya Manga huku amebeba tangi la maji.

Aliyenitoa gizani ni mwana wa kaka yangu, kijana aliyesomea mambo ya kompyuta. "Tata," akaniambia, kwani kwa Ekegusii ndugu wa baba naye ni baba, "mashine hizi hazijafa. Zimelemewa tu. Hebu tuzipunguzie mzigo." Akatoa flashi mfukoni, akaichomeka, na baada ya dakika chache ile mashine iliyokuwa ikikokota miguu kama mtu mwenye malaria ikawa inafungua kurasa za intaneti bila kunung'unika.

Kijana alinieleza kwamba kitu hicho ni Linux. Kiini chake kilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu mjini Helsinki, Finland. Kwa kuwa aliruhusu mtu yeyote kukitumia, kukichunguza na kukirekebisha, watu wa kila pembe ya dunia wamekizungushia programu zao na kutoa Linux za aina nyingi. Debian ilianza mwaka 1993. Ubuntu ilitoka mwaka 2004 kwa juhudi za Mark Shuttleworth, mzaliwa wa Afrika Kusini. Kisha zipo zile nyepesi, zilizokusudiwa mashine kongwe. Mmoja wa waliotangulia katika kazi hiyo ni Barry Kauler wa Australia, aliyeanzisha Puppy Linux mwaka 2003. Siri ya wepesi wake si uchawi. Linux hizo hupunguza mapambo ya kioo na kuacha programu chache tu zikitembea kichinichini, na nyingi zake zaweza kuendeshwa kutoka kwenye flashi bila kugusa diski ya mashine.

Na jambo hili si la Wazungu peke yao. Mwaka huo huo wa 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa kushirikiana na wataalamu kutoka Uswidi kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia na kupigia hesabu yenye maagizo ya Kiswahili. Niliposikia hayo nilijiambia kwamba hata mwalimu mstaafu wa Ekerenyo anaweza kuwa na nafasi yake katika shughuli hii.

Nafasi hiyo ilipatikana upesi. Mojawapo ya Linux nyepesi ilitangaza toleo la majaribio, na watengenezaji wake wakawaomba watu wenye mashine kongwe walijaribu kabla ya lile kamili kutolewa. Jina lake sitalitaja, maana kosa ninalotaka kulisimulia ni langu mimi. Nililipakua usiku, wakati intaneti haina watu wengi. Mara ya kwanza stima ilipotea katikati. Nikakamilisha alfajiri, na kijana akanifundisha kupiga hesabu ya uhakiki: kompyuta hulipitia faili lote na kutoa mfuatano wa herufi na tarakimu 64, nawe unaulinganisha na ule uliotangazwa na watengenezaji. Wangu haukulingana. Faili lilikuwa limeharibika njiani. Nililipakua upya, na safari hii yote 64 yakawa sawasawa.

Kwa siku tatu nililijaribu toleo hilo kwenye mashine zangu. Sauti ilitoka. Printa ilichapa. Wi-Fi ilishika. Mashine ililala na kuamka. Ile ya nne ndiyo iliyokataa kabisa, kwa kuwa ni ya biti 32, na toleo hilo lilikuwa la biti 64 pekee. Hapo nikajifunza kwamba hata Linux huwaacha wazee njiani: Lubuntu iliacha kuzihudumia mashine za biti 32 tangu toleo lake la mwaka 2019, na Debian, ambayo ni msingi wa Linux nyingi nyepesi, ilipotoa toleo la 13 mwezi Agosti 2025 haikuweka tena njia ya kulisakinisha kwenye mashine hizo.

Lakini tatu kati ya nne si haba, nami nikavimba kichwa. Nilijiona fundi. Yule mama katibu alipokuja kulalamika kwamba laptopu yake ni nzito kuliko jiwe la kusagia, sikusita. Nilinakili mafaili yake kwenye flashi, nikaifuta diski nzima, nikatia lile toleo la majaribio, nikamrudishia mafaili yake. Sikumwambia kwamba ni la majaribio. Sikuona haja. Kisha nikaifuta ile flashi ili nitie picha za mazishi fulani. Mama alifurahi, akaniletea mkungu wa ndizi. Nami niliupokea!

Wiki tatu baadaye mashine yake ikajiletea marekebisho mapya kutoka kwenye intaneti, ikazimwa usiku, na asubuhi haikuonyesha kitu ila kioo cheusi.

Sasa turudi siku ile ya mvua. Niliiwasha laptopu mara tano, na mara tano nikaona weusi ule ule. Yule mama alikuwa ameketi kwenye benchi, hasemi neno. Nilimwambia huenda ni kasoro ndogo tu, kwani kitu chenyewe kilikuwa bado cha majaribio. Akainua uso.

"Cha majaribio?" akauliza polepole. "Mwalimu, ni nani aliyekuambia mimi ni mtu wa kujaribiwa? Akina mama wale wakikosa kuona hesabu zao, hawatasema Linux imekufa. Watasema nimekula pesa zao."

Nilifundisha kwa miaka mingi na kukaripia watoto wengi, lakini sikumbuki kama mimi mwenyewe niliwahi kukaripiwa kwa haki namna ile. Sikuwa na jibu.

Nilimpigia simu yule kijana. "Tata, usiifute," akaniambia kwanza kabisa. "Chomeka flashi uiwashe kwa hiyo, uangalie kama diski inasomeka." Nikafanya hivyo. Diski ilifunguka, na faili la hesabu lilikuwepo, jina la kila mama mahali pake. Kabla ya kufanya jambo jingine lolote nililinakili kwenye flashi mbili na kulichapa lote kwa karatasi. Mama alizipokea karatasi zile, akazihesabu kwa kidole, akazitia ndani ya leso.

Kisha kijana akanifunulia jambo ambalo nilipaswa kulijua kabla ya kumgusia mtu mashine yake. Linux nyingi zikipokea kiini kipya hazikitupi cha zamani. Mashine inapoanza kuwaka unaweza kuita orodha ya kuwashia kwa kubonyeza kitufe cha Esc au Shift, kulingana na mashine, ukachagua kiini kilichotangulia. Nikachagua. Kioo kikawaka kama kwamba hakujawahi kutokea neno. Tatizo lilikuwa kiini kipya, ambacho hakikuelewana na chombo cha kuonyeshea picha ndani ya laptopu ile. Shida yote iliyomtembeza mama yule matopeni ilitatuliwa kwa kubonyeza kitufe ambacho sikuwa nimemwonyesha.

Usiku huo sikulala mapema. Niliwaandikia watengenezaji ripoti, na kwa kuwa yaweza kumfaa msomaji atakayejitolea kwa kazi hii, nitaeleza ilivyokuwa. Kuandika tu kwamba kitu hakifanyi kazi hakumsaidii mtu yeyote. Nilitaja aina ya laptopu, kumbukumbu yake na chombo chake cha picha. Nilitaja nambari ya kiini kilichofanya kazi na ya kile kilichokwama. Nilieleza hatua kwa hatua nilichofanya, nilichotarajia na nilichokiona. Mwisho nikasema kwamba nimerudia mara tano na matokeo ni yale yale. Baada ya siku mbili nikajibiwa kwa upole na mtu wa nchi ya mbali, anayeifanya kazi hiyo bila mshahara, akiniomba nimtumie kumbukumbu za mashine za wakati wa kuwaka. Toleo kamili lilipotoka, kasoro ile ilikuwa katika orodha ya zilizorekebishwa. Nilifurahi, sitakuficha. Lakini furaha hiyo ilikuwa yangu, na hofu ilikuwa imebebwa na mwingine.

Nimekuwa nikiwaza kwamba neno bure hutudanganya. Linux haikunigharimu senti, nami nikamgawia jirani kana kwamba zawadi ikishatolewa kazi imekwisha. Kumbe aliyenipa bure hakuniahidi kuja Ekerenyo siku ya mvua. Ahadi hiyo niliitoa mimi, bila kujua, nilipoichukua laptopu ya mama yule na kumwambia aache daftari. Ukimtilia mtu kitu asichokijua umekuwa mlezi wa kitu hicho.

Kwa hiyo siku hizi nina kanuni. Toleo la majaribio hukaa kwenye mashine moja tu, ya kona, isiyo na faili la mtu. Wengine huwatilia toleo kamili, lile linalohudumiwa kwa miaka mingi, na huwaambia wazi ni mwaka gani huduma hiyo itakoma. Siifuti diski kabla ya mwenyewe kuona kwa macho yake nakala mbili zikifunguka. Na chini ya kila laptopu hubandika karatasi ya Kiswahili chepesi: kioo kikiwa cheusi, bonyeza hapa, chagua hiki, ukishindwa njoo Jumamosi. Jumamosi sichapi programu za mazishi kabla ya kuwahudumia hao.

Pesa za chama ziligawanywa siku iliyopangwa, kwa kusomwa kutoka kwenye zile karatasi. Yule mama bado anaitumia laptopu yake, sasa ikiwa na toleo kamili. Lakini pia alinunua daftari jipya, la jalada gumu, na kila Jumatano huandika kotekote. Sijathubutu kumwambia aliache. Na kila nikiishika mashine yake, hata kama ni kupangusa vumbi tu, huniangalia na kuuliza, "Mwalimu, hii ni ya kujaribu ama ni ya kutumia?"