Hapo Mbele Mara Moja

Kwetu Suguti, Musoma Vijijini, hupiti njiani bila kuulizwa unakokwenda. Unaamkia, "Shikamoo mjomba," anaitikia marahaba, na kabla hujapiga hatua ya tatu swali limeshakuja: "Haya, safari ya wapi?" Nawe unajibu, "Nafika hapo mbele mara moja." Yameisha. Hapo mbele panaweza kuwa dukani, mwaloni, au hata Musoma mjini na ukarudi usiku. Hakuna atakayekuita mwongo. Ni jibu la heshima lenye maana kwamba nimekusikia, niko salama, mengine ni yangu.

Nimelifikiria sana jibu hilo tangu nije kusoma Dodoma, kwa sababu simu janja hailijui. Ukishawasha lokesheni ya moja kwa moja, ile nukta kwenye ramani haisemi "hapo mbele". Inasema umesimama jengo gani, umefika saa ngapi na umeondoka saa ngapi. Na siku hizi kila mtu anaitaka: mpenzi, mzazi, rafiki wa kundi la majadiliano, hadi programu ya tochi.

Kuna watu wakisikia mtu wa kijijini anazungumzia faragha wanacheka. Eti kijijini kila mtu anajua mambo ya kila mtu, faragha mmeipata wapi? Lakini kule anayekuona nawe unamwona. Mama anayeanika dagaa ananiona nikipita, nami namwona ananiona, na nikitaka kukwepa macho yake nazunguka njia ya nyuma. Kwenye simu mtu anaweza kunitazama usiku mzima nami nimelala, na asubuhi tukasalimiana vizuri tu kana kwamba hakuna kitu.

Tena wavuvi wetu wanaijua thamani ya mahali kuliko sisi wenye bando. Ziwa Victoria lina wezi wa nyavu na injini, na hilo mtu wa Mara haelezwi. Mjomba wangu ni mvuvi. Alipotega hapatangazwi mwaloni. Lakini si kwamba hapajulikani na mtu yeyote, maana ziwa likichafuka lazima awepo wa kwenda kumtafuta. Wanapajua watu wawili watatu, kwa usiku ule, kwa sababu ile. Kesho akihama, taarifa ya jana haina kazi tena.

Mimi kanuni yangu ya lokesheni nimeitoa hapo. Nani ajue, kwa muda gani, kwa sababu gani. Sikuhitaji mtaalamu wa kompyuta kunifundisha.

Wala sisemi tuzime kila kitu. Nikipanda basi kutoka Musoma kuja huku, kupitia Bunda, Shinyanga na Singida, mama anataka kujua nimefika wapi, na ni haki yake. WhatsApp inakupa vipimo vitatu: dakika 15, saa 1 au saa 8. Nawasha ya saa 8, ikiisha na safari bado naongeza nyingine, nikishuka stendi nazima na kumpigia. Mwanzo alitaka ibaki wazi muhula mzima. Nikamwambia, "Mama, nikiwa safarini unione, nikiwa chuoni unipigie." Alinuna siku mbili. Sasa hivi ananipigia kila Jumapili, na kwenye simu ananieleza mambo ambayo nukta isingemwuliza wala kumjibu.

Kazi ipo kwa wapenzi. Mwenzangu mmoja tuliyekaa naye chumba kimoja ameniruhusu nisimulie yake bila jina. Mchumba wake alimwomba washirikishane eneo kwenye Google Maps, na wakachagua ile isiyo na mwisho, inayoendelea mpaka uizime mwenyewe. Mwanzo ilikuwa raha, "naona unaenda kula". Baada ya miezi ikawa kesi. Siku moja dada wa watu yuko maktaba, nukta ikaruka ikatua jengo la jirani. Simu inakadiria mahali ilipo kwa kuunganisha satelaiti, minara ya simu na Wi-Fi za karibu. Ukiwa ndani ya jengo mawimbi ya satelaiti yanafifia, kwa hiyo kuruka hivyo ni jambo la kawaida. Mchumba hakutaka maelezo. Alitaka picha ya meza, kisha picha ya saa ya ukutani. Mtihani ulikuwa kesho yake.

Alipoamua kuizima, aliulizwa swali ambalo nadhani nusu ya chuo tumelisikia: "Kama huna unachoficha, unaogopa nini?" Mimi naliona ni swali la mtego, kwa sababu linamfanya aliyefunga mlango wake aonekane ameiba. Tunafunga mlango wa bafu na hakuna anayedhani kuna mzigo wa magendo ndani. Mwenzangu hakuwa anaficha kitu. Alichoka kuwa shahidi wa kesi yake mwenyewe kila siku. Uhusiano uliishia hapo, na mtihani aliufanya.

Hata wenye silaha nukta imewahi kuwaumbua. Mwaka 2017 programu ya wakimbiaji ya Strava ilichapisha ramani ya dunia ikionyesha njia wanazokimbilia watumiaji wake, bila majina. Januari 2018 mwanafunzi wa Australia mwenye miaka 20, Nathan Ruser, akaonyesha kwamba kwenye maeneo yenye giza ya Syria na Afghanistan kuna vijistari vinang'aa: wanajeshi wakifanya mazoezi kuzunguka kambi zao. Hakuna aliyeandika jina lake pale, ila njia mtu anayopita kila siku inatosha kumtambulisha. Sasa fikiria ya kwako: bweni, darasa, kanisani au msikitini, kwa mama ntilie, na saa unazopita peke yako gizani.

Kisheria hatuko uchi. Ibara ya 16 ya Katiba ya Tanzania inalinda faragha ya kila mtu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ikazinduliwa Aprili 2024. Kampuni au taasisi ikichezea taarifa zako unaweza kupeleka malalamiko huko. Lakini sheria haitakuja kukushikia simu pale mtu unayempenda anapokuomba lokesheni kwa sauti laini. Hapo uamuzi ni wako.

Kwa hiyo, kabla hujalala leo, tumia dakika tano. Fungua mipangilio ya faragha ya WhatsApp, tafuta sehemu ya eneo la moja kwa moja, uone nani bado anakutazama. Fungua Google Maps, bonyeza picha yako, angalia unashirikiana eneo na nani. Halafu pitia ruhusa za programu. Tangu iOS 14 ya mwaka 2020 na Android 12 ya mwaka 2021, unaweza kuiruhusu programu ijue eneo lako kwa kukadiria tu, si hatua kwa hatua. Programu ya hali ya hewa inatosha kujua uko Dodoma. Picha za matembezi zirushe ukishaondoka pale, si ukiwa bado umekaa mezani.

Na ujue mpaka wake: ukizima GPS, mtandao wako wa simu bado unajua mnara ulio karibu nawe, na laini hiyo umeisajili kwa alama za vidole. Hulindi kila kitu. Unalinda kile kilicho mikononi mwako, nacho si kidogo.

Ukikuta jina, jiulize maswali ya mvuvi: huyu ajue kwa nini, na mpaka lini? Likikosa jibu, liondoe. Anayekupenda atapiga simu.