Kuhama na Mizigo Yote

Mwaka 2008, mtu wa Buswelu aliyetaka kuweka kitu mtandaoni alipanda gari kwenda mjini Mwanza. Viwanja vingi vya huku ndiyo kwanza vilikuwa vinapimwa, umeme ulikuwa wa kubahatisha, na Manispaa ya Ilemela, ambayo leo ina ofisi zake hapa, haikuwepo hadi 2012. Mimi nilikuwa mwalimu wa Jiografia, na nilikuwa na picha nyingi kuliko mahali pa kuziweka.

Picha zenyewe zilikuwa za kitu kimoja, Jiwe la Bismarck pale Kamanga. Nilianza kulipiga picha 2006, mwaka ambao Ziwa Victoria lilipungua hadi mstari wa maji ya zamani ukaonekana juu kwenye mawe. Wataalamu walitaja ukame, wakataja pia maji mengi yaliyopitishwa kwenye mitambo ya umeme ya Nalubaale na Kiira kule Jinja. Darasani ningeweza kuyasema hayo kipindi kizima, na wanafunzi wangenakili tu. Picha mbili za jiwe lilelile, maji yakiwa yamehama, ndizo zilizowafanya wanyanyue vichwa. Nikataka mtoto wa Magu au Sengerema naye azione.

Kijana wa intaneti kafe alinipa CD yenye Joomla 1.5, programu ya kujengea tovuti. "Mwalimu, hii hununui," alisema, "na ukitaka kuifungua uone ilivyoundwa ndani, ruksa." Nilidhani ni programu ya kuibwa kama nyingi zilizozunguka mjini siku hizo. Kumbe ni programu huria, na ilikuwa na kisa chake. Agosti 2005 waandishi wa programu iitwayo Mambo walitofautiana na kampuni ya Australia iliyomiliki jina hilo, wakaondoka na msimbo wao wote, maana leseni iliwaruhusu. Mwezi uliofuata wakatoa toleo lao la kwanza chini ya jina jipya, walilolichota kwenye "jumla" yetu ya Kiswahili na kuliandika kwa sikio la Kiingereza. WordPress nayo ilizaliwa kwa njia hiyohiyo: mwaka 2003 Matt Mullenweg na Mike Little waliichukua b2, programu ambayo mwenyewe alikuwa ameacha kuishughulikia, wakaiendeleza.

Nilijifunza kwenye kompyuta ya nyumbani kwa kutumia XAMPP, ambayo huifanya mashine yako ijione seva. Kwa miezi kadhaa nilikuwa na tovuti nzuri yenye msomaji mmoja. Joomla 1.5 ilipanga makala ndani ya kundi, na kundi ndani ya sehemu, ngazi mbili tu. Watu wengi waliilaumu kwa hilo. Mimi iliniridhisha kabisa, kwa sababu muhtasari wa somo nao una mada kuu na mada ndogo, basi.

Kupandisha mafaili ndiko kulikokuwa na jasho. Joomla ina maelfu ya mafaili madogomadogo, na kwa FTP, kwa kasi ya kafe ile, umeme ungekatika kabla hujafika nusu. Tulichofanya ni kulifunga folda lote kuwa faili moja la zip, kulipandisha asubuhi wateja wakiwa wachache, kisha kulifungulia hukohuko kwenye seva kupitia cPanel. Malipo nilimpa taslimu bwana mmoja mjini aliyenunua nafasi kwenye seva za Marekani na kutuuzia vipande. Kadi ya benki ya mwalimu wakati ule ilikuwa ya kutolea mshahara, haikujua kununua kitu ng'ambo.

Bwana yule alifunga ofisi bila kuaga. Simu haipatikani, mlango una kufuli. Hapo ndipo nilipoelewa nilichokuwa nimepewa kwenye ile CD. Tovuti yangu nzima ilikuwa vitu viwili ndani ya flashi: folda la mafaili na picha, na faili moja la SQL lenye kanzidata, yaani kila neno nililoandika, na tarehe zake. Tulitafuta seva nyingine, tukaviweka humo, tukabadilisha mistari michache kwenye faili la configuration.php, na jioni hiyo jiwe langu likawa hewani tena. Waliokuwa wamejenga kurasa zao kwenye huduma za bure za kampuni kubwa hawakuwa na flashi ya namna hiyo. GeoCities ya Yahoo ilikuwa imeshazimwa Oktoba 2009 na mamilioni ya kurasa za watu, na wengi walibaki na walichowahi kukinakili kwa mkono.

Uhamaji mgumu zaidi ulikuja 2012, Joomla 1.5 ilipoachwa kuhudumiwa. Kwenda toleo la 2.5 hakukuwa kubonyeza kitufe. Sehemu zilikuwa zimefutwa na makundi yamepangwa upya, na mwonekano niliouzoea haukufanya kazi huko. Mwanafunzi wangu wa zamani, wakati huo akisoma Dar es Salaam, akasema, "Mwalimu, kama ni kuhama, basi hama kabisa." Tukaenda WordPress. Joomla huigawa makala katika safu mbili kwenye kanzidata, utangulizi upande mmoja na mwili upande mwingine. WordPress huiweka yote mahali pamoja. Ilibidi aandike msimbo mfupi wa kuunganisha vipande hivyo makala baada ya makala, mimi nikikagua kwa simu kama aya zimekaa sawa. Kazi ya kuchosha, lakini iliwezekana kwa sababu hakuna mlango uliokuwa umefungwa kati ya programu hizo mbili.

Miaka iliyofuata ilikuwa miepesi na sina mengi ya kuisimulia. Bando lilishuka bei, modemu ikaja, ikaondoka, wanafunzi wakaanza kusoma kwa simu. Toleo la 4.4 la WordPress, mwishoni mwa 2015, lilianza kupeleka picha kwa ukubwa unaoifaa simu ya msomaji. Kwa tovuti ya picha za ziwa hiyo ilikuwa neema, ingawa hakuna aliyeisherehekea.

Kisha ikaja 2018 na Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni. Mwenye blogu alitakiwa kuwa na leseni, na ada zake kwa jumla zilivuka shilingi milioni 2. Jukwaa la mijadala la JamiiForums lenyewe lilisimamisha huduma kwa muda Juni mwaka huo. Je, maelezo ya kidato cha tatu kuhusu bonde la ufa ni blogu? Kila niliyemuuliza alikuwa na jibu lake. Sikufuta kitu. Niliingia kwenye dashibodi, nikazigeuza makala nyingi kuwa za faragha, nikafunga maoni, nikaacha picha na tarehe zake. Kanuni ziliandikwa upya 2020 na kurekebishwa 2022. Makala nilizirudisha taratibu, kwa kubonyeza tu, maana zilikuwa palepale kwenye kanzidata zikisubiri.

Mei 2020 ziwa lilijaa kupita rekodi ya 1964. Nikaenda Kamanga, nikasimama niliposimama 2006, nikapiga. Picha hizo mbili, ya 2006 na ya 2020, zikiwa pamoja zimetazamwa kuliko maelezo yangu yote yalivyosomwa, na naona ni haki.

Lakini WordPress ya leo siyo ile niliyohamia. Kihariri kipya kilichokuja Desemba 2018 hukata maandishi vipandevipande, kila aya na kisanduku chake. Mtu wa insha ndefu anajiona fundi wa vigae. Nilisakinisha plagini ya kihariri cha zamani na bado ninaitumia. Wengine walikasirika zaidi, wakaanzisha tawi lao, ClassicPress. Mwaka 2024 Mullenweg na kampuni moja kubwa ya kuhifadhi tovuti, WP Engine, wakafikishana mahakamani, na watu wakaanza kuniuliza kama niogope. Naona hofu hiyo ni ya mtu asiye na bakapu.

Binti yangu, ambaye ndiye anayejua mambo haya sasa, ana hoja nyingine. "Baba, tovuti hii inaandikwa na mtu mmoja, tena mara chache. Kanzidata ya nini? Kila wiki unaapdeti plagini kwa ajili ya kurasa zisizobadilika." Anataka azigeuze zote kuwa HTML tupu, zisizohitaji PHP wala nywila ya dashibodi. Nimemwambia sitaandika kitu kama itabidi nifungue faili na kuchapa alama za mabano. Amesema atanitengenezea njia. Ameshaivuta nakala nzima kwenye kompyuta yake hapa nyumbani, na tumekubaliana aanze na kurasa za 2006 hadi 2012, nizikague kwenye simu kabla hajagusa nyingine.